Kenya na Sarafu Isiyoshikika

Mwanzoni mwa Juni 2023 Benki Kuu ya Kenya ilitoa taarifa ambayo haikupigiwa mbiu, wala haikujaza kurasa za mbele za magazeti. Taarifa hiyo ilikuwa jibu la swali ambalo Benki hiyo yenyewe iliwauliza wananchi mwezi Februari 2022: je, yafaa Kenya itoe shilingi ya kidijitali, yaani shilingi isiyo noti wala kipande cha madini, iliyoandikwa katika daftari la kompyuta la Benki Kuu na kutumiwa na mwananchi kwa simu yake? Baada ya kupokea maoni na kuyapima, Benki ilieleza kwamba jambo hilo huenda lisiwe la kupewa kipaumbele kwa muda mfupi wala kwa muda wa kati. Ikaongeza kuwa mvuto wa fedha za aina hiyo unafifia duniani, kwamba nchi zilizotangulia zimekutana na vikwazo, na kwamba matatizo ya malipo yaliyobaki nchini Kenya yanaweza kutatuliwa kwa kuimarisha mifumo iliyopo.

Uamuzi huo ulitolewa chini ya uongozi wa Dakta Patrick Njoroge, mchumi aliyepata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale, akalitumikia Shirika la Fedha la Kimataifa kwa miaka mingi, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya kuanzia 2015 hadi 2023. Mchumi huyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na mambo mapya. Kabla ya kuondoka madarakani alipata kueleza kwamba wapo watu waliomshinikiza abadili akiba ya taifa ya fedha za kigeni kuwa bitcoin, na akasema kuwa kufanya hivyo kungekuwa wazimu.

Hata hivyo uamuzi wa 2023 uliwashangaza wengi. Kenya ndiyo nchi iliyoonyesha ulimwengu namna ya kutuma fedha kwa simu ya mkononi. Ilitazamiwa kuwa nchi kama hiyo ingekuwa ya kwanza kukimbilia hatua iliyofuata. Badala yake ilisimama, ikatazama, ikauliza. Sababu za kusimama huko zafaa kupimwa na kila raia, na zafaa zaidi kupimwa na askari wa Jeshi na wa Polisi, ambaye maisha ya familia yake yanategemea mshahara unaofika kwa wakati, ukiwa kamili, na wenye thamani ileile aliyoahidiwa.

Kwanza yafaa kutenganisha vitu viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Kimoja ni sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu. Hii ni fedha ya dola, yaani ni deni la Serikali kwa mwenye kuishika, sawa na noti iliyo mfukoni. Cha pili ni kile kinachoitwa sarafu thabiti. Hii hutolewa na kampuni binafsi, mara nyingi iliyo ng'ambo, nayo huahidi kuwa kila kipande chake kitakuwa na thamani ya dola moja ya Marekani siku zote. Ya kwanza ni ahadi ya taifa. Ya pili ni ahadi ya mfanyabiashara. Wahenga walisema ahadi ni deni. Kwa hiyo, anayetaka kuijua fedha hapana budi amtazame kwanza mwenye kudaiwa.

Tuanze na ile ya Benki Kuu. Swali la kwanza la mchumi, kama lilivyo swali la kwanza la daktari, ni hili: mgonjwa anaumwa nini? Watetezi wa sarafu hiyo husema kwamba itawafikishia huduma za fedha watu wasio na benki. Nchini Kenya kazi hiyo ilikwisha kufanywa kwa sehemu kubwa. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2006 Wakenya watu wazima waliokuwa wakitumia huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7 tu, ilipofika 2021 walikuwa asilimia 83.7. Mkulima wa Kisii na mchuuzi wa Mombasa wanapokea na kulipa kwa simu bila ya kuhitaji shilingi ya aina mpya. Shilingi ni ileile. Kilichobadilika ni njia inayoipitisha.

Watetezi husema pia kwamba sarafu hiyo itapunguza gharama za kutuma fedha. Hapa pana ukweli, kwa maana malalamiko juu ya ada za simu ni ya haki. Lakini Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, Benki Kuu na makampuni ya simu waliafikiana kuondoa ada kwa malipo ya simu yasiyozidi shilingi 1,000, na utaratibu huo ukadumu hadi mwisho wa mwaka huo. Haikuhitajika sarafu mpya. Yalihitajika makubaliano na uamuzi. Iwapo ada ni kubwa, dawa yake ni usimamizi na ushindani wa haki.

Mfano mwingine unawahusu askari moja kwa moja, na chimbuko lake ni Kenya. Kampuni ya Vodafone iliyoshiriki kuiunda M-Pesa ilishirikiana na kampuni ya simu ya Roshan kupeleka huduma ya namna hiyo Afghanistan. Mwaka 2009 ilifanyiwa majaribio kwa askari polisi wapatao 50 katika jimbo la Wardak, ambao mishahara yao ilipelekwa kwa simu badala ya kupitia mikononi mwa wakubwa. Baadhi ya askari walipopokea walidhani wameongezwa mshahara. Hawakuwa wameongezwa hata senti moja. Ndiyo mara yao ya kwanza kuupata mshahara wote. Kamanda mmoja alikasirishwa na mpango huo kiasi cha kujaribu kuchukua simu za askari wake ili akapokee yeye.

Mafunzo ya habari hiyo ni mawili. La kwanza ni kwamba mshahara unaokwenda moja kwa moja kwa askari ni silaha kali dhidi ya wizi. La pili ni kwamba silaha hiyo ilipatikana kwa fedha ya kawaida ya Afghanistan ikipitishwa kwa simu ya kawaida. Katika nchi jirani ya Kongo, ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioanza kazi mwaka 2005 ulilisaidia jeshi la nchi hiyo kutenganisha njia ya amri na njia ya malipo, kuwahesabu askari na kuwapa vitambulisho, ili kuwaondoa askari hewa waliokuwa wakila mishahara. Baadaye mishahara ikaanza kupitishwa katika mabenki. Kazi hiyo ilikuwa ya daftari, kitambulisho na nidhamu. Mahali ambapo orodha ina askari hewa, sarafu ya kidijitali itamlipa askari hewa kwa kasi zaidi.

Baada ya kuuliza juu ya ugonjwa, mchumi huuliza: waliokunywa dawa hii wamepona? Ekuador ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa. Benki Kuu yake ilianzisha fedha ya kielektroniki mwishoni mwa 2014, kwa msaada wa sheria na uwezo wote wa Serikali. Wananchi hawakuitaka, na mwaka 2018 ilifungwa. Nigeria ilizindua eNaira Oktoba 2021 kwa sherehe kubwa. Uchunguzi wa wachumi wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 98.5 ya pochi za eNaira zilizofunguliwa hazikutumika katika wiki yoyote ile iliyochunguzwa.

Nigeria ilitoa somo zito zaidi. Mwishoni mwa 2022 Benki Kuu ya nchi hiyo ilitangaza kubadilisha noti za naira 200, 500 na 1,000, na kwa muda mfupi ikaziondoa za zamani katika mzunguko. Mojawapo ya shabaha ilikuwa kuwasukuma watu waache noti na kutumia njia za kielektroniki. Noti mpya hazikutosha. Mwezi Februari 2023 watu walilala kwenye foleni za mabenki, mifumo ya simu ikazidiwa, wenye maduka wakakosa chenji, na katika miji kadhaa wananchi wenye hasira wakayashambulia matawi ya mabenki. Waliopelekwa kutuliza ghasia hizo walikuwa askari, ambao nao walikuwa na wake na watoto waliokosa fedha za sokoni. Tarehe 3 Machi 2023 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo iliamuru noti za zamani ziendelee kutumika. Kosa la watu wa mipango lilibebwa mabegani na askari wa doria.

Katika visiwa vya Mashariki ya Karibi, sarafu ya kidijitali iliyoitwa DCash ilizimika Januari 2022 kwa hitilafu ya mitambo, nayo haikurudi hadi Machi. Noti haizimiki. Afrika Mashariki ilionja jambo linalofanana na hilo tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilipokatika, na intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya na nchi nyingine kwa siku kadhaa. Askari aliye lindo mpakani, mahali ambapo mnara wa simu hauonekani, anajua vizuri kuliko mhandisi wa mjini kwamba kifaa kisichofanya kazi bila ya mtandao kinahitaji kingine cha akiba. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Ipo hatari nyingine ambayo haionekani siku za amani. Leo mwananchi akiingiwa na hofu juu ya benki yake, hana budi kwenda kwenye foleni, ajaze fomu, apokee noti na kuzibeba. Ugumu huo humpa mtu muda wa kufikiri, na huwapa wasimamizi muda wa kutenda. Kukiwapo sarafu ya Benki Kuu ndani ya simu, kila mtu ataweza kuitoa amana yake benki na kuipeleka Benki Kuu usiku wa manane, akiwa kitandani, kwa kubonyeza mara mbili. Wakenya wanaijua hofu ya namna hiyo. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 mabenki matatu yalianguka nchini humo: Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank. Hiyo ya mwisho iliwekwa chini ya msimamizi mwezi Aprili 2016 baada ya wenye amana kuikimbilia kwa wingi, huku uvumi ukienea katika mitandao ya jamii. Dakta Njoroge ndiye aliyekuwa Gavana. Mtu aliyeuzima moto huo ana haki ya kuuliza kabla ya kuruhusu petroli kuwekwa karibu na jiko.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ipo, nayo ni kuweka kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaruhusiwa kushika. Lakini kikomo kikiwa kidogo, sarafu hiyo haiwi na kazi kubwa. Kikiwa kikubwa, hatari inarudi. Hapo ndipo mizani inapoanza kuyumba, na ndipo mchumi anapoona kuwa gharama ni ya hakika na faida ni ya kukisia.

Ndugu wasikilizaji, yaliyosemwa hadi hapa yanahusu fedha ya dola. Ile sarafu ya kampuni binafsi ni jambo jingine, na mashaka juu yake ni makubwa zaidi.

Mwaka 2018 mchumi Barry Eichengreen, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alizichambua sarafu hizo na kuzigawa katika aina tatu. Aina ya kwanza ni ile ambayo kampuni inaweka dola moja kamili kwa kila kipande inachotoa. Hii yaweza kusimama, lakini ina gharama, na anayetaka dola anaweza kutumia dola yenyewe. Aina ya pili ni ile inayoweka akiba kwa sehemu tu. Hiyo ina udhaifu uleule wa benki: wateja wakishuku, hukimbia wote kwa pamoja. Aina ya tatu haina akiba yoyote ya kweli. Inategemea hesabu za kompyuta na matumaini kwamba wanunuzi wapya wataendelea kuja.

Miaka minne baadaye aina ya tatu iliporomoka mbele ya macho ya ulimwengu. Mwezi Mei 2022 sarafu iliyoitwa TerraUSD, iliyoahidiwa kuwa dola moja daima, ilianguka pamoja na dada yake Luna, na kwa siku chache mali yenye thamani ya dola zipatazo bilioni 40 ikayeyuka. Mwanzilishi wake, Do Kwon, alikamatwa Machi 2023 katika uwanja wa ndege wa Podgorica, Montenegro, akiwa na pasi ya kusafiria ya kughushi. Agosti 2025 alikiri makosa ya ulaghai mbele ya mahakama nchini Marekani. Neno "thabiti" lilikuwa katika tangazo. Katika sanduku hapakuwa na kitu.

Hata aina ya kwanza haikusalimika. Machi 2023 ilibainika kwamba kampuni inayotoa sarafu ya USDC ilikuwa na dola bilioni 3.3 za akiba yake katika benki ya Silicon Valley, ambayo ilikuwa imeanguka. Thamani ya kipande cha dola moja ikashuka chini ya senti 90. Ilirudi mahali pake baada ya Serikali ya Marekani kutangaza kuwa itawalinda wenye amana wote wa benki hiyo. Yaani sarafu iliyojitapa kuwa haiihitaji dola iliokolewa na dola.

Sasa iulizwe faida inakwenda wapi. Mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam anapotoa shilingi zake akanunua sarafu hiyo, kampuni huzichukua dola zilizopatikana na kuzikopesha, kwa sehemu kubwa, kwa Serikali ya Marekani kwa kununua hati zake za dhamana. Riba ya hati hizo huingia katika kampuni. Sheria iliyotiwa saini Marekani Julai 2025 ya kusimamia sarafu hizo inakataza kampuni inayozitoa isimlipe riba anayezishika. Kampuni ya Tether, iliyo kubwa kuliko zote, mwaka huo huo ilikuwa na hati za Serikali ya Marekani zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 100. Kwa maneno mengine, mwananchi wa nchi maskini anaikopesha nchi tajiri bila ya riba, na dalali aliye katikati anachukua faida yote.

Wazee wa Afrika Mashariki waliwahi kuuona mpango unaofanana na huo. Kuanzia 1919 fedha ya Tanganyika, Kenya na Uganda ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London. Shilingi, iliyoanza kutumika mwaka 1921, ilifungamanishwa na paundi ya Uingereza, na akiba yake iliwekwa huko katika hati za paundi. Kwa miaka mingi jasho la mkulima wa pamba na kahawa lililala London likifanya kazi ya London. Shilingi hiyo ilikuwa thabiti kweli, lakini utulivu huo ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mkulima. Nchi hizi zilipopata uhuru zilianzisha Benki Kuu zake mwaka 1966, ili ziweze kuamua zenyewe juu ya fedha, mikopo na akiba. Kulikabidhi tena jambo hilo kwa kampuni ambayo haikuchaguliwa na mtu, ni kurudi nyuma kwa kupitia mlango mpya.

Asiyeamini kuwa nchi yaweza kuupoteza uwezo huo na aitazame Kongo. Faranga ya Kongo ilianza kutumika mwaka 1998, lakini amana zilizo katika mabenki ya nchi hiyo zimekuwa kwa karibu asilimia 90 dola za Marekani. Benki Kuu ya Kinshasa inaposhika usukani, gurudumu linaloitii ni dogo. Wananchi walikimbilia dola kwa sababu waliumizwa na mfumuko wa bei, na hawawezi kulaumiwa. Lakini kuirudisha imani iliyokimbia ni kazi ya miaka mingi. Huko dola ilihitaji kusafirishwa kwa noti. Sarafu ya kampuni binafsi inaingia nchini kwa simu, bila ya kupita forodhani, na kile kilichochukua miaka mingi Kongo kinaweza kuchukua miezi michache mahali pengine siku wananchi watakapoitilia shaka shilingi yao.

Kwa askari polisi, liko jambo la kazi hasa. Januari 2024 Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya na Uhalifu ilitoa ripoti juu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ikieleza kuwa sarafu ya Tether imekuwa chombo kinachopendwa na watakatishaji wa fedha na mabenki ya magendo. Tapeli wa kawaida anayeandika "ile pesa itume kwenye namba hii" huacha nyayo: laini iliyosajiliwa, wakala aliyetoa fedha, duka lenye anwani. Tapeli anayepokea kwa sarafu ya ng'ambo huivusha mipaka mitano kabla ya mlalamikaji kufika kituoni. Kweli, daftari la sarafu hizo huweza kusomwa na mpelelezi aliyefunzwa, na kampuni zinazozitoa zimepata kuzuia mali kwa ombi la polisi. Lakini hapo mpelelezi anaomba, haamuru. Na ustadi huo hapana budi ufundishwe vyuoni kabla ya majalada kurundikana mezani.

Haki yataka pia upande wa pili usikilizwe. Gharama ya kutuma fedha kutoka ng'ambo kuja Afrika kusini mwa Sahara ni kubwa. Kwa kila dola 200 hukatwa wastani wa karibu asilimia 8. Mfanyakazi aliye Ughaibuni anayemtumia mama yake fedha kwa sarafu ya kidijitali ili kuikwepa tozo hiyo hatendi uhalifu. Anatafuta unafuu ambao mabenki yamechelewa kumpa. Aidha, zipo nchi zenye sababu zao. China imeifanyia majaribio fedha yake ya kidijitali kwa miaka kadhaa, na Benki Kuu ya Ulaya inaendelea na matayarisho ya yuro ya kidijitali, ikihofu kwamba malipo ya Wazungu yako mikononi mwa makampuni ya Marekani. Marekani kwa upande wake ilipiga marufuku sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu kwa amri ya Rais ya Januari 2025, kisha ikazifungulia mlango sarafu za makampuni. Kila mmoja anavuta kamba kuelekea kwake, na nchi ndogo isiyojua inataka nini itaburuzwa na atakayevuta kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana kusimama kwa Kenya hakukuwa kulala. Tangu Desemba 2015 Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imewaonya wananchi juu ya sarafu zisizo na mdhamini. Oktoba 2025 Rais wa Kenya alitia saini sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali za kidijitali, ili wanaofanya biashara hiyo wapate leseni na wajulikane walipo. Tanzania nayo, iliyotangaza mwaka 2021 nia ya kuiangalia sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu, ilieleza Januari 2023 kwamba itakwenda kwa awamu na kwa tahadhari. Majirani wawili, kila mmoja kwa njia yake, walikataa kukimbia gizani.

Kipya kinyemi, walisema wahenga, ingawa kidonda. Kamanda hodari haiingizi silaha ghalani kwa sababu inang'aa. Huuliza inapiga nini, inahitaji risasi gani, nani ataitengeneza ikikwama, na ikiangukia mikononi mwa adui itamdhuru nani. Maswali hayo manne ndiyo aliyoyauliza mchumi wa Nairobi juu ya fedha, ingawa kwa maneno ya taaluma yake, na majibu aliyopata hayakumtosheleza.

Noti iliyo mfukoni mwa askari mwisho wa mwezi ni karatasi tu. Inanunua unga, inalipa ada ya shule na nauli ya basi kwa sababu nyuma yake ipo Benki Kuu inayojulikana iliko, ipo sheria, zipo kodi zinazokusanywa kwa shilingi hiyo hiyo, na ipo Serikali inayoweza kuulizwa. Iwapo siku moja shilingi hiyo itaandikwa katika kompyuta badala ya karatasi, vitu hivyo vinne ndivyo vitakavyoipa thamani, na vikikosekana hakuna mtambo utakaoiokoa. Kazi ya kuviimarisha, kwa bajeti yenye nidhamu, orodha za mishahara zisizo na majina hewa, ada za haki katika simu na wapelelezi waliofunzwa, inaweza kuanza leo bila ya kuisubiri sarafu yoyote mpya.